Dokumentari za anga: maswali mnayotuuliza kila tunapokunja shuka

Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, baada ya isha, tunatandika mikeka kwenye ua wa nyumba moja hapa Kibokoni, Mombasa, tunatundika shuka jeupe ukutani na kuwasha projekta. Filamu yenyewe huwa ya saa moja. Maswali ya baadaye huenda mpaka kahawa imalizike kwenye mdila. Kwa kuwa mengi ni yale yale, tumeyaandika hapa, ili atakayekuja aje na mapya.

Dokumentari ni nini, na ina tofauti gani na zile sinema za vita vya sayari?

Wengine huiita makala ya televisheni. Sinema ile imetungwa. Hii inadai kueleza yaliyopo kweli. Nasema "inadai" kwa makusudi. Soma swali la picha huko chini.

Nani aliyeanza kuiweka elimu ya nyota kwenye televisheni?

Siwezi kusema nani wa kwanza kabisa, ila mkongwe wao anajulikana. BBC ya Uingereza ilianza kurusha kipindi cha The Sky at Night tarehe 24 Aprili 1957, miezi mitano na ushei kabla Warusi hawajarusha Sputnik. Yaani kipindi cha anga kilianza kabla binadamu hajapeleka chochote kuizunguka dunia. Mtangazaji wake, Patrick Moore, alikiendesha mpaka alipofariki Desemba 2012, miaka hamsini na mitano. Hakuwa mtu wa madoido. Aliketi, akaongea harakaharaka, na wewe ukamwamini kwa sababu alionekana mtu aliyekesha nje na darubini yake, wala hakusomewa habari ofisini.

Kisha ikaja Julai 1969. Neil Armstrong alipokanyaga mwezi, kwetu ilikuwa karibu saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 21, na watu mamilioni duniani waliona picha hafifu za rangi nyeusi na nyeupe moja kwa moja. Baada ya hapo watazamaji hawakukubali tena kuelezwa tu, walitaka kuona.

Mwaka 1980 mtaalamu wa nyota Carl Sagan wa Marekani akatoa kipindi cha Cosmos, sehemu kumi na tatu. Alichobadilisha si picha pekee. Sagan alisimulia. Alikupandisha kwenye chombo cha kufikirika, akakutoa kwenye galaksi za mbali, yale makundi ya mabilioni ya nyota, akakurudisha nyumbani, kama bibi anavyoanza na "paukwa" na wewe ukajikuta umeitikia "pakawa" bila kujua. Neil deGrasse Tyson alikirudia kipindi hicho mwaka 2014 kwa michoro ya kisasa, na Brian Cox wa Uingereza amepita njia iyo hiyo. Ukiniuliza mimi, wote hao ni watoto wa Sagan.

Mbona kila mtangazaji anapenda kufananisha fananisha? Kwa nini wasitaje namba tu?

Kwa sababu namba hizo haziingii kichwani. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa. Haya, umefaidika nini? Kazi kubwa ya dokumentari ya anga ni kuishusha namba mpaka itoshee kiganjani, na hapo ndipo unapomtambua mtengenezaji hodari.

Sagan alichukua umri wote wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 kwa hesabu ya sasa, akaukunja ukawa mwaka mmoja wa kalenda. Binadamu wakatokea usiku wa mwisho wa Desemba. Mfano mzuri, lakini mwaka wa Kizungu unaoishia kwa fataki hauna uzito sana kwenye mkeka wetu. Ramadhani moja tulijaribu kuukunja ulimwengu ndani ya mwezi wa siku thelathini. Kila siku ikawa miaka milioni 460. Basi nyota na galaksi zinazaliwa, tunafunga na kufungua, na dunia hii haipo. Dunia inaumbika usiku wa ishirini na moja, watu wakitoka kuswali tarawehe, kumi la mwisho ndiyo kwanza linaingia. Siku ya thelathini, muda mfupi kabla ya adhana ya alasiri, dinosau wanaangamia. Binadamu wa sura yetu anaingia dakika ya mwisho, tende ziko mkononi. Na ngome yetu ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593? Haifiki hata sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya mwadhini kufungua kinywa. Ua mzima ulinyamaza. Kijana mmoja akauliza kama tunaweza kurudia, polepole.

Mfano wa ukubwa nao tunao wa hapa hapa. Weka Jua mlangoni pa Fort Jesus, likiwa tufe la kimo cha mtoto wa darasa la saba, mita moja na nusu kasoro. Dunia itakuwa gololi, mita 150 kutoka hapo. Mushtarii ni nazi kubwa iliyofuliwa, iko mita 780. Neptuni utaikuta kilomita nne na nusu, huko unakotoka kisiwani kwa upande wa Makupa. Na nyota ya jirani kabisa, Proxima Centauri? Kwa kipimo hicho hicho iko kilomita elfu arobaini. Utaizunguka dunia nzima hadi unakaribia kurudi Fort Jesus kwa nyuma, ndipo uifikie.

Picha zile ni za kweli?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Jibu lake lina mafungu, na ole wako ukiyachanganya.

Kuna picha zilizopigwa na kamera. Mawe ya Mirihi, mwezi kwa karibu, pete za Zohali: chombo kilifika, kikapiga, kikatuma. Kuna picha za kweli ambazo rangi zake zimepangwa na binadamu. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 na sasa iko kilomita milioni moja na nusu kutoka duniani, inaona zaidi mionzi ya joto ambayo jicho halioni. Wataalamu huishusha mionzi hiyo kwenye rangi tunazoziona: mawimbi marefu yanapewa wekundu, mafupi yanapewa buluu. Si uongo. Ni kama mpiga kinanda wa taarab anayeshusha wimbo ili mwimbaji aufikie; wimbo ni ule ule. Lakini ungesimama mbele ya lile wingu la gesi kwa macho yako, usingeona zile rangi za kanga.

Kisha kuna michoro ya kompyuta, na hii ndiyo mingi. Kila unapoona galaksi yetu kutoka nje, jua kwamba ni mchoro. Hakuna chombo kilichowahi kutoka nje ya galaksi yetu kikageuka nyuma kupiga picha. Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977 na ambacho ndicho kimekwenda mbali kuliko vyote, bado hakijafika hata karibu na nyota ya jirani.

Shimo jeusi, mahali penye mvuto mkali hata nuru haiponyoki, lina kesi yake. Kwa miaka mingi televisheni ilituonyesha michoro, hadi tarehe 10 Aprili 2019 ilipotolewa picha ya kwanza, ya shimo lililo katikati ya galaksi ya M87, umbali wa miaka ya nuru milioni 55, yaani nuru yenyewe husafiri miaka milioni 55 kutufikia. Ilitengenezwa kwa kuunganisha darubini za redio za sehemu mbalimbali za dunia. Tulipoionyesha, mama mmoja akasema, "Mbona kama mahamri yameungua?" Alikuwa amezoea ile michoro yenye makali. Picha ya kweli ilimvunja moyo, na sikumlaumu. Dokumentari ndizo zilizomzoesha hivyo.

Watengenezaji waungwana huandika pembeni kwamba huu ni mchoro. Wengi hawaandiki. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa fani hii nzima.

Na zile ngurumo nyota inapolipuka?

Hakuna. Sauti inahitaji hewa au kitu kingine cha kuipitisha, na huko ni utupu. Ni mtu wa studio huyo.

Ni kweli walifika mwezini? Mbona hakuna nyota kwenye picha?

Walifika. Watu kumi na wawili walitembea mwezini kati ya 1969 na 1972, wakarudi na kilo 382 za mawe na udongo ambazo wanasayansi wa nchi nyingi wamezichunguza. Waliacha vioo ambavyo hadi leo hupigwa miale ya leza kutoka duniani na kuirudisha. Na LRO, chombo cha Wamarekani kinachouzunguka mwezi, kilichorushwa 2009, kimepiga kutoka juu picha za sehemu walizotua, na vijia vya nyayo zao vinaonekana.

Kuhusu nyota, fanya jaribio. Nenda ufuoni Mama Ngina usiku, mpige mwenzako picha kwa simu akiwa chini ya taa kali. Sura yake itatoka safi, na mbingu nyuma yake itakuwa giza tupu. Mwezini wanaanga walikuwa kwenye jua la mchana, nguo nyeupe, ardhi inang'aa. Kamera ikizoea mwanga huo haizikamati nyota. Tangu tulipoanza kulijibu swali hili kwa simu badala ya maneno, ubishi umepungua. Haujaisha.

Kwa nini nyingi ni za Kiingereza? Na kwa nini ninyi mnasimamisha filamu kila mara?

La pili linajibu la kwanza. Vipindi hivi ni ghali, hutengenezwa na mashirika makubwa ya Uingereza na Marekani, na vinavyotafsiriwa kwa Kiswahili ni haba. Kwa hiyo mtu wetu huona picha nzuri, husikia sauti nzito, halafu hulala. Mwanzo tulifikiri tuweke mtu wa kutafsiri juu kwa juu kama wale madijei wa vibanda vya video. Ilichekesha, lakini sayansi ilipotea kwenye vichekesho.

Siku moja stima ikapotea katikati ya kipindi cha mwezi na maji. Wakati tukingoja, mzee mmoja mvuvi akaanza kueleza bamvua: kwamba mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu maji hujaa sana na kupwa sana, miamba inabaki wazi na watu huenda kuchokoa pweza, na katikati ya hapo huja maji mafu, ambapo hata jahazi halina haraka. Mtu mwingine akauliza kwa nini mara mbili kwa mwezi. Kijana wa sekondari akachukua tochi, chungwa na ndimu, akaonyesha jinsi Jua na mwezi vinavyovuta kwa pamoja vikiwa kwenye mstari mmoja. Stima iliporudi, yule mtangazaji akalieleza jambo lile lile kwa sekunde arobaini, akiwa amesimama kwenye ghuba ya Kanada, na ua mzima ukawa unamsahihisha. Tangu siku hiyo tunabonyeza kitufe kila baada ya dakika kumi, stima ipo au haipo.

Maneno tunayo zaidi ya tunavyodhani: Zuhura, Mirihi, Mushtarii, Zohali, Utaridi, kimondo, falaki. Ila mtu anayetafuta Kiswahili huko juu atavunjika moyo mahali pamoja. Vyombo vya Voyager vimebeba sahani ya dhahabu yenye salamu kwa lugha 55. Kiganda kimo. Kinyanja kimo. Kigujarati kimo, na majirani zangu hapa hawaachi kunikumbusha. Kiswahili hakimo.

Nilitafuta ile Nyota ya Kaskazini waliyoonyesha, sikuiona. Macho yangu mabovu?

Macho yako hayana neno. Mombasa iko nyuzi nne kusini ya ikweta, na nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho. Filamu nyingi zimetengenezwa na watu wa kaskazini, nao huonyesha mbingu ya kwao. Tazama hata mwezi mwandamo: kwao husimama kama mundu, kwetu mara nyingi hulala kama dau. Wachoraji wao wakichora mwezi wa Afrika bado huusimamisha.

Lakini sisi ndio tuliobahatika. Kwa kukaa karibu na ikweta, katika mwaka mmoja karibu kila kundi la nyota hupita juu yetu, la kaskazini na la kusini. Na wazee walikuwa wakizisoma bila televisheni. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua" ni kalenda ya mkulima, na Kilimia hicho ndicho kundi lile linaloitwa Pleiades kwenye vipindi.

Kuna lolote la anga linalotuhusu sisi watu wa Pwani?

Hapa nitakaa kidogo, maana karibu kila anayeuliza hutarajia jibu la "hapana".

Ukitoka hapa ukapita Malindi, kwenye ghuba ya Ungwana, kuna majukwaa ya chuma baharini. Waitaliano, chini ya profesa Luigi Broglio, waliyajenga kwa ajili ya kurusha setilaiti, wakafanikiwa kwa mara ya kwanza Aprili 1967, na wakaendelea hadi 1988. Walichagua hapa kwa sababu ya ikweta. Dunia inapojizungusha, ardhi ya ikweta hukimbia kwa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Mashariki yetu ni bahari tupu, kwa hiyo kikianguka kipande hakimwangukii mtu.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka hapo ikapewa jina Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kutafuta eksirei kutoka angani. Eksirei hizo humezwa na hewa, huwezi kuzipokea ukiwa ardhini. Lazima utoke juu. Uhuru ikaorodhesha vyanzo 339, na ikaonyesha kwamba kimoja chao, Cygnus X-1, hupepesa kwa kasi ya ajabu, jambo lililowafanya wataalamu waanze kuamini kwamba kuna shimo jeusi pale. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Sasa hesabu dokumentari za mashimo meusi ulizowahi kuona. Ngapi zimetaja kwamba mlango wa habari hiyo ulifunguliwa kwa roketi iliyoruka kutoka bahari hii, kwa chombo chenye jina la Kiswahili? Tumeonyesha nyingi. Huwa tunasimamisha filamu na kulisema wenyewe.

Kile chuma kilichoanguka Makueni ni mambo hayo hayo?

Ndiyo. Pete ile iliyoanguka kijiji cha Mukuku tarehe 30 Desemba 2024, upana mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 hivi, Shirika la Anga la Kenya lilisema ni sehemu ya roketi. Kwa kawaida vipande kama hivyo huungua hewani au huanguka baharini. Baada ya habari hiyo, mikeka yetu haikutosha mwezi mzima uliofuata.

Haya mambo hayatamharibia mtoto imani yake?

Wazazi huniuliza hili kwa sauti ya chini, na naliheshimu. Nawaambia wazi: utasikia umri wa ulimwengu, utasikia nyota zinavyozaliwa na kufa, na mtangazaji mmoja mmoja huchomeka maoni yake ya dini, ambayo si sayansi. Keti na mwanao, msikilize, mjadiliane nyumbani. Lakini usimfiche kwamba nusu ya nyota zinazotajwa zina majina ya Kiarabu. Aldebaran, Altair, Deneb. Mtoto wa madrasa akisikia Fomalhaut, akiambiwa ni fam al-hut, mdomo wa samaki, hucheka kumsikia Mzungu anavyolitafuna. Na Septemba 2025, mwezi ulipopatwa ukawa mwekundu saa mbili na nusu usiku, wapo waliotoka kuswali swala ya kupatwa kwa mwezi kisha wakaja kuutazama kwenye darubini yetu. Sikuona aliyepata tabu kufanya yote mawili.

Vipindi hivi hutia chumvi?

Hutia. Ukanda wa mawe kati ya Mirihi na Mushtarii huonyeshwa umesongamana kama soko la Kongowea asubuhi, ilhali vyombo hupita humo bila kukwepa kitu. Swali likiwekwa mwisho wa kichwa cha kipindi, "Je, ni viumbe wa sayari nyingine?", jibu huwa hapana, na utalipata dakika ya hamsini na tano. Mtangazaji anayesema "hatujui" mara kwa mara ndiye wa kumshika.

Nitazipata wapi bila kumaliza bando?

Picha na video nyingi za NASA, shirika la anga la Marekani, hazina vizuizi vya hakimiliki, ndiyo maana unaziona zile zile kila kipindi. Tangu Novemba 2023 wana NASA+, huduma yao ya video mtandaoni, bila malipo na bila matangazo. Kwenye simu shusha ubora wa picha. Nyota ni nukta tu hata hivyo. Au ngoja Ijumaa yetu.

Mtoto wa miaka mingapi aje?

Yeyote atakayekaa macho baada ya isha. Mabuyu aje nayo mwenyewe.

Nikitazama kwa darubini yenu nitaona kama kwenye televisheni?

Hapana. Zohali itakuwa ndogo kama punje ya mchele, itatetemeka, na rangi yake imepauka. Lakini pete utaziona. Mzee mmoja alipoziona aliinua kichwa, akazunguka mbele ya darubini, akaipapasa mdomoni kuhakikisha hatukubandika picha. Kisha akarudi kwenye foleni, mwisho kabisa.